Grace Kelly na Ndiyo ya Mwaka wa Sita



Mtasema frateri na sinema za zamani wapi na wapi? Lakini za Grace Kelly nazipenda, sifichi.

Grace alizaliwa Philadelphia, Marekani, tarehe 12 Novemba 1929, katika familia ya Kikatoliki, akasomeshwa na masista. Mwaka 1952 alitokea katika High Noon kama bibi harusi anayechukia bunduki. Mwaka 1953 ikatoka Mogambo, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa huku kwetu, Kenya, Uganda na Tanganyika. Kisha akacheza sinema tatu za Hitchcock. Katika Rear Window tuko karibu muda wote ndani ya chumba kimoja, lakini Grace akiingia tu, basi, humtazami mwingine. Na wala hapazi sauti! Kwenye The Country Girl akaweka urembo pembeni, akawa mke aliyechoka wa mwimbaji mlevi. Hiyo ndiyo iliyompa Oscar mwaka 1955.

Halafu akaacha. Aprili 1956 alifunga ndoa na Rainier wa Tatu, mtawala wa Monaco, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Nikolao. Alikuwa na miaka 26 na sinema 11 tu.

Wengi huishia hapo. Mimi naona mtihani wenyewe ulikuja mwaka 1962. Hitchcock alimwita arudi kucheza Marnie, naye akakubali, ikatangazwa kabisa. Watu wa Monaco wakanung'unika: mke wa mtawala aigize tena? Grace akajitoa. Hakurudi tena Hollywood kuigiza.

Katika falsafa tunajifunza kwamba si kila uamuzi ni kati ya jema na baya. Kuna kuchagua kati ya jema na jema, na hapo ndipo moyo unapouma. Kuacha kitu siku ya harusi, kengele zikilia, kuna raha yake. Kukiacha tena mwaka wa sita, nyumba imeshazoeleka na kazi uliyoipenda inabisha hodi, ni jambo lingine. Hata sisi seminarini tunazijua siku hizo. Niliosoma nao wana mishahara, wengine wana watoto, mimi bado nasubiri. Siku hizo hazina vigelegele.

Simwiti mtakatifu, hilo si langu. Wala kipaji chake hakikufa: mwaka 1976 alipanda jukwaani Edinburgh kusoma mashairi. Mungu ana milango mingi, jamani.

Alifariki tarehe 14 Septemba 1982, Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, baada ya ajali ya gari. Alikuwa na miaka 52. Amezikwa katika kanisa lile lile alilofungia ndoa.

Tumwombee pumziko la milele. Nasi tuombeane, hasa wewe uliyesema ndiyo zamani kidogo, na leo unaitwa na kile ulichokiacha.