Munganga Robert Koch na mikrobe yenye kulala

Robert Koch alizaliwa Ujerumani tarehe 11 Desemba 1843, akawa munganga. Tarehe 24 Machi 1882, kule Berlin, alionyesha mikrobe inayoleta kifua kikuu. Mwaka 1890 akatangaza dawa yake, tuberkulini. Kumbe, haikuponya watu. Mwaka 1905 alipata Zawadi ya Nobel. Mwaka 1906 alifika Afrika ya Mashariki, akachunguza ugonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria. Alifariki tarehe 27 Mei 1910, dawa ya kifua kikuu haijapatikana bado.

Juu ya nini mikrobe ile ni ngumu hivi? Ikikosa hewa na chakula ndani ya mwili, haifi. Inapunguza kazi zake, inalala. Na antibiotiki nyingi zinaua hasa mikrobe inayokua na kuzaana. Yenye kulala inabaki.

Basi dawa zinamezwa muda mrefu. Zamani ilikuwa mwaka na nusu. Katika miaka ya 1970, majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia yalionyesha kama miezi 6 inaweza kutosha, dawa zikichaguliwa vizuri.

Sisi wa Katanika tushike neno hili. Tukiona mutu wa nyumbani anaweka vidonge kando juu kikohozi kimeisha, tusinyamaze. Adui aliyeonyeshwa na Koch amelala tu. Akiamka, pengine dawa ile haitamuweza tena.