Sheikh Al-Amin Mazrui na Herufi za Kiswahili

Barabara itokayo Likoni kuelekea Lungalunga hufika Kombani, panapochepuka njia ya kupanda Kwale, kisha huendelea kusini hadi Gazi. Huko Gazi ndiko lilikokita tawi moja la ukoo wa Mazrui baada ya ukoo huo kupokonywa utawala wa Mombasa mwaka 1837. Katika ukoo huohuo, upande wa wanavyuoni waliokaa Mombasa, ndiko alikozaliwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui mwaka 1891.

Babake alifariki Al-Amin akiwa mtoto mdogo, naye akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alivuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Aidha, aliyafuatilia kwa makini maandishi ya wanamageuzi wa Misri, hususan Muhammad Abduh na Rashid Rida. Kutoka kwao alijifunza kwamba hoja ya mwanachuoni haina budi kutoka msikitini na kuwafikia watu kwa njia ya gazeti.

Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, gazeti la Kiislamu la Kiswahili lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 likafuata Al-Islah. Uteuzi wake wa herufi ulikuwa na sababu. Shule za serikali ya kikoloni zilifundisha hati ya Kilatini, ilhali watu wazima wengi wa pwani, Waswahili na Wadigo, walikuwa wamesomea chuoni. Mtu aliyekhitimu Kurani angeweza kuhesabiwa kuwa hajui kusoma.

Hata hivyo, herufi za Kiarabu zilikuwa na upungufu wake. Kiarabu hakina sauti za p, ch wala v. Kwa mazoea ya kale, herufi ب ilibeba sauti za b, p na mb pamoja. Mnazi wa Kwale hutoa mbata, lakini neno hilo lingeweza kuandikwa sawasawa na bata au pata, na msomaji akaachiwa kukisia. Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikuwa amelishughulikia tatizo hili katika karne ya 19, na Sheikh Al-Amin akawa miongoni mwa waliouendeleza urekebishaji huo. Njia mojawapo ilikuwa kutumia herufi zenye nukta za ziada, kama vile پ ya Waajemi kwa sauti ya p.

Sheikh Al-Amin aliteuliwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, akashika wadhifa huo hadi alipofariki mwaka 1947. Makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu Uwongozi. Historia ya ukoo wake, aliyoiandika kwa Kiarabu, ilichapishwa mwaka 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Suala la herufi halikufa naye. Kompyuta haihifadhi umbo la herufi bali nambari yake, na tangu mwaka 1991 mfumo wa Yunikodi umekuwa ukizigawia nambari hizo herufi za lugha za dunia. Herufi پ ina nambari 1662 na چ ina 1670. Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno, ila nambari hubaki moja. Kikorea kimefuata njia nyingine: herufi ㅎ ina nambari 4370 inapoanza silabi na 4546 inapoifunga, na silabi nzima 한 ina nambari yake pia, 54620.

Hivyo basi, pata, bata na mbata zinaweza kutofautishwa leo kwa herufi za Kiarabu hata katika simu ya mkononi. Nambari zipo tayari. Kilichopungua ni waandishi wa Kiswahili wanaozitumia herufi hizo, na hao ndio Sheikh Al-Amin aliowaandalia gazeti.