Mutisya Munge wa Wamunyu

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, mimi nawafundisha vijana kuchonga miiko, na kila mwaka naanza na habari za Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 vilimfikisha Tanganyika. Huko aliwaona Wazaramo wakichonga vinyago, akajifunza kwao. Aliporudi nyumbani alichonga vya kuuza, na Wazungu wakanunua. Hakuwa na darasa wala ubao, lakini jamaa na majirani walijifunza, nao wakafundisha wengine. Hata vinyago na vijiko vya saladi vya Wakamba vikafika Ulaya na Marekani. Mwaka 1963 wachongaji waliunda chama chao cha ushirika huko Mombasa.

Siku hizi muhugu umeadimika, na wengi wanachonga mwarobaini na mwembe. Mti ukikosekana, hutafutwa mwingine. Mwanafunzi akikosekana, kazi yenyewe hufa. Kwa hiyo tusiwaambie watoto wetu kwamba tezo ni ya walioanguka mtihani. Mutisya aliishika, na maelfu wakala kwa jasho lao.