George Westinghouse na Breki Aliyoisahau

Wiki hii vijana watatu wa kanisa letu walikuja kuniona, kila mmoja na swali la biashara. Mmoja anataka kuanza, wawili wanataka kupanua, na wote waliulizia mkopo. Wanajua nilisomea biashara chuoni. Wasichojua ni kwamba duka langu la kwanza, la nyaya na balbu, lilifungwa kwa sababu ya deni. Kwa hivyo kabla ya mahesabu, niliwasimulia maisha ya mzee mmoja wa Marekani. Nimeona niwasimulie na ninyi.

George Westinghouse alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1846 katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa na karakana ya mashine za shamba mjini Schenectady, na kijana akakulia humo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, aliingia jeshini akiwa bado mdogo. Aliporudi alijaribu chuo, lakini hakumaliza hata mwaka. Moyo wake ulikuwa karakana.

Siku hizo kusimamisha treni ilikuwa kazi ya kuhatarisha maisha. Kila behewa lilikuwa na breki yake ya mkono. Dereva akipuliza king'ora, vibarua walikimbia juu ya mabehewa, wakiruka kutoka moja hadi lingine, wakikaza breki moja moja. Wengi walianguka wakafa. Mwaka wa 1869, akiwa na miaka 22, Westinghouse alisajili uvumbuzi wake wa breki ya upepo: bomba moja linapita chini ya mabehewa yote, na dereva anafunga breki zote kutoka mbele. Walipoijaribu kule Pittsburgh, mtu mwenye mkokoteni wa farasi alikutwa relini. Dereva akafunga breki, treni ikasimama kabla ya kumfikia.

Lakini breki hiyo ilikuwa na kasoro. Bomba likipasuka, hakuna breki. Miaka michache baadaye akaigeuza: sasa upepo ndio uliozuia breki zisishike. Bomba likipasuka ama behewa likikatika, breki zinashika zenyewe. Malori makubwa yanayopanda kutoka Mombasa yana breki za upepo hadi leo, na dereva yeyote atakuambia gari likikosa upepo haliendi popote. Shikeni hilo, nitalirudia.

Baadaye akaingia kwenye stima. Wakati huo jina kubwa lilikuwa Thomas Edison. Stima ya Edison ilikwenda upande mmoja tu kwenye waya, na haikufika mbali. Kilomita moja na nusu hivi imeisha nguvu. Mtambo mmoja ulitosha mtaa, si mji. Westinghouse akaona njia nyingine: stima inayobadilisha mwelekeo, ambayo transfoma inaweza kuipandisha nguvu isafiri mbali, kisha nyingine iishushe kabla ya kuingia nyumbani. Mwaka wa 1886 fundi wake William Stanley aliwasha taa za mji mdogo wa Great Barrington kwa njia hiyo. Mwaka wa 1888 Westinghouse akanunua haki za mota ya Nikola Tesla. Hapo kuna somo la uongozi. Hakung'ang'ania kwamba kila wazo litoke kwake. Alitafuta wanaojua kumliko, akawalipa.

Upande wa Edison ulipigana vikali. Wanyama waliuawa kwa stima ya aina yake mbele ya waandishi wa habari, ili watu waiogope. Mwaka wa 1890 mfungwa aliuawa kwa kiti cha umeme jimboni New York, na mashine zilizotumika zilikuwa za Westinghouse. Mwaka wa 1893 yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwasha taa za maonyesho makubwa ya Chicago, kwa bei ya chini kuliko wapinzani. Na kwa kuwa haki za balbu zilikuwa za upande wa Edison, ilibidi atengeneze balbu ya namna tofauti kwa haraka. Mwaka wa 1896 stima ya maporomoko ya Niagara ilifika mji wa Buffalo, zaidi ya kilomita 30. Hata stima ya kwetu ni ya aina hiyo. Ndiyo maana kuna transfoma pale kwenye nguzo.

Sasa, wapendwa, tuongee ukweli. Kazi yote hii ilijengwa kwa pesa za mkopo. Karibu mwaka wa 1890 pesa zilipokauka, mabenki ya Pittsburgh yalitaka kumsimamia matumizi. Alikataa, akapata wa kumwokoa New York. Hilo lilikuwa onyo. Akaendelea kupanua. Oktoba 1907 hofu iliingia mabenki ya Marekani, wadai wakataka chao, na mahakama ikaweka wasimamizi kwenye kampuni yake ya stima. Viwanda vilikuwepo, wateja walikuwepo. Kilichokosekana ni pesa mkononi siku ya kudaiwa. Kufikia 1911 alikuwa nje ya kampuni yenye jina lake. Alifariki tarehe 12 Machi 1914.

Mtu aliyebuni breki inayoshika yenyewe bomba likipasuka, hakuweka breki kama hiyo kwenye madeni yake. Mimi pia sikuweka. Nilikopa kununua mali, mteja mkubwa akachelewa kulipa, nikakopa tena kulipa ule wa kwanza. Sikuwa nimeamua mapema ni wapi nitasimama, na ukiwa tayari umebanwa huwezi kuamua vizuri.

Sisemi mkopo ni dhambi. Bila mkopo, pengine Niagara isingewaka kwa mkono wake. Nasema hivi: kabla ya kutia sahihi, andika kiwango ambacho kikifika unasimama, na umpe karatasi hiyo mtu asiyekuogopa.

Nimalizie na hili. Tangu 1871 Westinghouse aliwapa wafanyakazi wake mapumziko ya nusu siku Jumamosi, jambo geni wakati huo. Mwaka wa 1930, miaka 16 baada ya kifo chake, mnara wake ulizinduliwa Pittsburgh kwa michango midogo ya wafanyakazi zaidi ya 50,000. Wakati huo hakuwa na uwezo wa kumpandisha yeyote cheo. Kampuni ilichukuliwa, lakini alivyowatendea watu hakuna mdai aliyeweza kukichukua.

Kijana mmoja kati ya wale watatu alirudi Alhamisi. Ameamua kuanza na nusu ya mkopo aliokuwa anataka, na karatasi yake iko kwenye droo yangu.