Damu Haina Ukoo: Maisha ya Daktari Charles Drew

Mama akitokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, sisi watu wa Itiryo twajua kinachofuata: ndugu hupigiana simu kumtafuta wa kwenda kutoa damu. Daktari Charles Richard Drew alitumia maisha yake kuonyesha kwamba akiba huwekwa kabla ya simu hiyo.

Alizaliwa Washington, Marekani, tarehe 3 Juni 1904, katika familia ya watu weusi. Baba yake alikuwa fundi wa kutandika mazulia. Alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 1933. Mwaka 1940 Chuo Kikuu cha Columbia kilimpa shahada ya uzamivu kwa utafiti wake juu ya benki za damu. Wakati ule damu nzima iliharibika baada ya siku chache. Plazma, yaani majimaji ya manjano yanayobaki chembe za damu zikitengwa, ilidumu zaidi na kusafirishika.

Mwaka huohuo Uingereza ilipigwa mabomu. Drew aliitwa New York kusimamia ukusanyaji wa plazma ya kupelekwa huko. Watu wapatao 14,500 walichangia, zikapatikana zaidi ya lita 5,000. Mwaka 1941 aliongoza benki ya mfano ya Msalaba Mwekundu wa Marekani, akitumia magari kuwafuata wachangiaji walipo.

Lakini jeshi lilikataa damu ya watu weusi, na baadaye likaikubali kwa sharti itengwe. Drew alipinga hadharani, akieleza kwamba sayansi haijui damu ya rangi. Alirudi Chuo Kikuu cha Howard kuwafundisha vijana weusi upasuaji. Tarehe 1 Aprili 1950 alifariki kwa ajali ya gari huko North Carolina, akiwa na miaka 45. Wengi husimulia kwamba alinyimwa damu kwa sababu ya rangi yake. Si kweli: madaktari weupe walihangaika kumwokoa, majeraha yakawazidi.

Leo plazma huwasaidia waliotokwa damu nyingi na walioungua vibaya. Hutengenezwa pia dawa za wagonjwa ambao damu yao haigandi, dawa ambazo bado twazitegemea kutoka nje. Hakuna kiwanda kinachoweza kuanza bila mtu aliyenyoosha mkono. Hapa nchini, Mpango wa Taifa wa Damu Salama, wenye kituo cha kanda Mwanza, hutenga plazma kutoka katika damu tunayochangia. Mwenye afya njema, aliyetimiza miaka 18 na kilo 50, aweza kuchangia: mwanaume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4.

Ndugu zangu, Tarime yetu imeona koo zikimwaga damu kwa ajili ya ardhi na ng'ombe. Mfuko wa damu hauulizi ukoo wa aliyeutoa. Kristo alimwaga damu yake kwa ajili ya wote. Timu ya damu ikifika parokiani, twende kabla hatujapigiwa simu.