Allidina Visram: Bwana duka aliyemfuata mteja hadi nyikani

Shuka matatu pale Kitengela jioni, saa ambazo wafanyakazi wa EPZ wanarudi kutoka Athi River. Utapata vijana wamepanga bidhaa kando ya barabara ya Namanga: viatu vya mitumba, vifuniko vya simu, matikiti, chapati moto. Rudi baada ya miezi sita uwatafute. Wengine hutawaona tena. Si kwamba bidhaa zao zilikuwa mbaya. Walikosa tu kujiuliza: nani anakitaka hiki kitu, yuko wapi, na pesa anazipata siku gani?

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, kabla ya lami na simu, kuna mtu aliyejiuliza maswali hayo kila siku. Anaitwa Allidina Visram. Wengi wenu mnalijua jina hilo kwa sababu ya ile shule ya upili ya Mombasa, lakini mtu mwenyewe hamumjui.

Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch, India. Mwaka 1863, akiwa kijana wa miaka 12 hivi, alivuka bahari akafika Bagamoyo. Hakuwa tajiri. Aliingia chini ya Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mkubwa aliyekuwa akiandaa misafara ya kwenda bara na kuipa bidhaa. Bagamoyo ndipo njia ya kutoka Tabora na Ujiji ilipoishia. Pembe za ndovu zilikuja pwani, vitambaa, shanga na waya zikaenda bara.

Katika biashara hiyo, kosa dogo lilikuwa hasara kubwa. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi, kwa miguu, kwa miezi. Sasa fikiria umebeba shanga nyekundu hadi ndani kabisa, halafu unapata watu wa huko wanataka za buluu. Ilitokea mara nyingi. Shanga iliyopendwa kijiji hiki ilikataliwa safari ya siku chache mbele. Kwa hivyo wafanyabiashara wa misafara walilazimika kuulizia kwanza: huko watu wanavaa nini mwaka huu? Hilo ndilo somo la kwanza la soko, na halijabadilika. Usinunue unachokipenda wewe. Nunua anachokitaka mteja.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Allidina, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye uzoefu, akashika biashara ya misafara na kuipanua. Alikuwa na matawi Dar es Salaam, Tabora hadi Ujiji. Angeweza kutulia hapo. Lakini aliona kitu kingine kinakuja: reli.

Waingereza walianza kujenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Watu hao walilipwa mshahara, lakini walikuwa nyikani, mbali na soko lolote. Wengine waliona nyika na simba, Allidina akaona wateja wenye pesa ambao hawana duka. Akawafuata. Reli ikisonga, maduka yake yanasonga, na ndani yake kuna vyakula walivyovizoea nyumbani.

Reli ilikatiza nyanda za Athi, karibu kabisa na ilipo Kitengela leo, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Allidina hakusimama hapo. Alivuka hadi Kampala, Entebbe na Jinja. Baadaye alikuwa na matawi zaidi ya 30, na watu wakambandika jina la mfalme wa Uganda asiye na taji.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, maisha ya huyu mzee yanapinga msemo huo. Bidhaa yake ilikuwa nzuri na bado aliitembeza. Chumvi nzuri iliyokaa Mombasa haimsaidii mtu wa Jinja. Mahali pa kuuzia ni nusu ya biashara yenyewe.

Jambo lingine: Allidina hakuuza tu, alinunua pia. Mkulima alileta ngozi, simsim au pamba, akaondoka na kitambaa na chumvi. Alielewa kwamba mteja asiye na kipato si mteja bado. Baadaye aliweka viwanda vya kuchambua pamba na kukamua mafuta, ili mali iliyonunuliwa isafirishwe ikiwa na thamani zaidi.

Na maduka yote hayo aliyaendeshaje mtu mmoja? Aliwaamini vijana. Aliwachukua wengi kutoka kwao India, akawapa bidhaa kwa mkopo, akawatuma sehemu ambazo hazikuwa na duka. Baadhi walijitegemea baadaye. Mkopo ule uliegemea kitu kimoja: jina. Ukisema umetumwa na Allidina, mlango unafunguka. Siku hizi tunaita chapa, na vijana wanadhani chapa ni nembo nzuri kwenye fulana. Chapa ni ile imani mtu anayo kwako kabla hujafungua mdomo.

Lakini tusimpake mafuta tu. Biashara ya pembe ilitembea juu ya mabega ya wapagazi walioteseka, na wengine hawakwenda kwa hiari. Aliyeleta pembe au ngozi dukani hakujua bei ya Mombasa, mwenye duka aliijua. Reli hiyohiyo iliyofungua soko ilipita kwenye malisho ya Wamaasai, na kwa mikataba ya 1904 na 1911 walihamishwa kutoka sehemu kubwa ya ardhi yao. Soko lilikua, ila faida haikugawanywa sawa.

Kajiado inalijua jambo hili hadi leo. Kiangazi kikikaza, broka anafika bomani, ananunua ng'ombe aliyekonda kwa bei ya kutupa, kwa sababu mfugaji hana habari za bei ya Nairobi na hana muda wa kusubiri. Kijana wa Kajiado mwenye simu anaweza kuwa broka wa aina hiyo. Anaweza pia kuwa yule anayempa mfugaji bei halisi na kuchukua kamisheni yake waziwazi. Huyo wa pili atarudi bomani mwaka ujao na atapewa chai.

Allidina alifariki mwaka 1916 baada ya kuugua homa. Mwanawe, Abdulrasul, alirithi biashara, na kwa kumbukumbu ya baba yake akagharamia shule ya Mombasa iliyofunguliwa mwaka 1923. Naye hakuishi sana. Bila wao wawili ile himaya ya maduka ikasambaratika. Mtandao uliotoka Bagamoyo hadi Uganda ulikuwa umefungwa kwa kamba moja, jina la mtu mmoja, na kamba ikakatika. Hapo pia kuna somo: andika hesabu, fundisha mwenzako kazi, usiwe wewe peke yako unayejua mzigo unatoka wapi na nani anadaiwa.

Kwa hivyo wewe uliye na elfu tano na wazo kichwani, usikimbilie Gikomba kesho asubuhi. Kaa kwanza pale steji ya Kitengela jioni mbili tatu na daftari. Tazama watu wanashuka na nini mkononi, wanauliza nini wakikosa, mwisho wa mwezi wananunua nini ambacho katikati ya mwezi hawagusi. Nenda Bissil siku ya soko la mifugo uone mtu aliyeuza mbuzi anapitia wapi kabla ya kurudi nyumbani. Ukishajua hayo, ndipo utoe hiyo elfu tano mfukoni.