Johan Hjort

Johan Hjort (18 Februari 1869 – 7 Oktoba 1948) alikuwa mwanabiolojia wa bahari kutoka nchi ya Norwei. Anajulikana hasa kwa kueleza kwa nini samaki hujaa baharini miaka fulani na kuadimika miaka mingine.

Maisha

Alizaliwa Kristiania (leo Oslo), mtoto wa profesa wa magonjwa ya macho. Alianza kusomea udaktari, lakini kwa ushauri wa Fridtjof Nansen akahamia zuolojia na kupata shahada ya uzamivu huko München, Ujerumani, mwaka 1892. Kuanzia 1900 hadi 1916 aliongoza utafiti wa uvuvi mjini Bergen. Mwaka 1910 alizunguka Atlantiki ya Kaskazini pamoja na John Murray katika meli Michael Sars.

Umri wa samaki

Pwani ya Norwei iliishi kwa heringi na chewa wa maji baridi. Nyavu zikirudi tupu, vijiji vizima viliingia katika dhiki, na maelezo ya kawaida yalikuwa kwamba samaki wamehama. Hjort hakuridhika. Aliona samaki wahesabiwe kama watu katika sensa, yaani rika kwa rika.

Kwa kazi hiyo ilibidi kujua umri wa kila samaki. Katika bahari za baridi samaki hukua haraka wakati wa joto na polepole wakati wa baridi, hivyo magamba yake hupata pete kama zile za shina la mti. Pete hizo zimo pia katika vijiwe vya sikio, vipande vigumu vya chokaa ndani ya kichwa vinavyomsaidia samaki kusikia na kujiweka sawa majini. Mjerumani Johannes Reibisch alikuwa ametumia vijiwe hivyo kwa samaki bapa mwaka 1899. Hjort na wasaidizi wake Knut Dahl na Einar Lea walichagua magamba kwa heringi. Lea alionyesha pia kwamba nafasi kati ya pete hutaja urefu wa samaki katika kila mwaka wa maisha yake.

Si wote waliokubali. Mskoti D'Arcy Thompson, mtaalamu mwenye sifa kubwa, alitilia shaka usomaji wa pete hizo. Jibu lilitoka kwa samaki wenyewe: heringi waliozaliwa 1904 walianza kutawala mavuno mnamo 1908, na kila mwaka uliofuata walikuwa na pete moja zaidi. Miaka kumi baada ya kuzaliwa bado walijaza nyavu, huku rika nyingine zikiwa chache mno.

Katika kitabu chake cha 1914 Hjort alidai kwamba hatima ya rika huamuliwa mapema sana, labda siku ambazo vifaranga humaliza kiini cha yai na kuanza kutafuta chakula. Sehemu hii ya dai lake bado inabishaniwa.

Miaka ya baadaye

Alijiuzulu 1916, akakaa Cambridge kwa muda, kisha akawa profesa Oslo mwaka 1921. Alikuwa mbunge miaka ya 1922–1924. Baadaye alishughulikia nyangumi, akitaka uwindaji wao uwekewe kiasi. Kuanzia 1938 hadi kifo chake alikuwa rais wa Baraza la Kimataifa la Utafiti wa Bahari, ambalo alishiriki kulianzisha mwaka 1902. Meli kadhaa za utafiti za Norwei zimepewa jina lake.